Mshauri na Dalali

Mshauri na dalali ni watu wawili wafananao kwa mwendo na kutofautiana kwa ahadi. Wote wawili husimama katikati ya mwenye haja na mwenye mali. Wote wawili huishi kwa maneno, na wote wawili hulipwa kwa kuwa wanajua jambo ambalo mtu wa tatu halijui. Lakini dalali ameahidi kuuza, na mshauri ameahidi kusema kweli. Dalali akipaza sauti mnadani, kila asikiaye hujua ya kwamba sauti ile ina ujira wake, akajihadhari. Mshauri akisema kwa upole barazani, asikiaye huamini ya kwamba neno lile limesemwa kwa ajili yake, akalifuata. Tahadhari ile ni ngao ya mnunuzi, na imani hii ni mtaji wa mshauri. Siku mshauri apokeapo kwa siri kamisheni ya mwenye duka, huwa amemvua mnunuzi ngao yake bila ya kumpa habari.

Udalali wenyewe si aibu. Nyumba za mjini hupata wapangaji kwa dalali, ng'ombe wa mnadani hupata wanunuzi kwa dalali, na karafuu na kahawa za nchi hii zimefika ng'ambo kwa kupita katika mikono ya watu wa kati waliokula jasho lao kwa halali. Jina la kazi yao hujulikana, na fungu lao hutajwa kabla mikono haijashikana. Atakaye hukubali, asiyetaka huenda zake. Basi lawama ya insha hii haimwendei dalali aliyevaa nguo zake mwenyewe. Inamwendea aliyeazima kanzu ya mshauri.

Hapana mahali pazuri pa kuitazama hali hii kuliko Kilema, katika mteremko wa Kilimanjaro upande wa Vunjo, jirani na Marangu. Huko vihamba vimeshonana kama viraka vya nguo moja, migomba juu na mibuni chini, na maji ya mifongo yakipita kati. Mgomba ni mti wa mababu. Kivuli chake, mbolea yake na namna yake ya kupandwa vilijulikana nyumbani, na kijana alijifunza kwa baba yake na kwa mama yake. Mfongo nao ulichimbwa na kutunzwa kwa akili ya wenyeji. Lakini mbuni ulikuja mgeni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliojenga misheni Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ni miongoni mwa watu wa kwanza kuotesha kahawa katika mlima huo. Mti ulikuja na maradhi mageni, maradhi yakataka dawa ngeni, na mazao yakataka soko lililo mbali na bei iliyopangwa na watu wasioonekana. Kwa sababu hiyo mkulima wa Kilema alihitaji mtu wa kujua kwa niaba yake. Hitaji hilo ndilo mlango aliopitia mshauri, na kamisheni nayo hupitia mlango ule ule.

Chukua mfano wa mzee mmoja, asiye na jina katika maandishi haya kwa kuwa majina yake ni mengi. Anaona matunda mabichi ya kahawa yakiingia madoa meusi na kuanguka kabla ya wakati. Anakwenda kwa mtaalamu.

"Bwana shamba, buni zangu zinakuwa nyeusi zingali mbichi, zinaanguka. Nifanye nini?"

"Mzee wangu, hiyo ni chulebuni. Shuka sokoni, uingie duka la fulani, ununue dawa hii niliyokuandikia. Waambie nimekutuma mimi."

"Asante sana, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Mazungumzo haya hayana neno baya hata moja. Maradhi yametajwa kwa jina lake, dawa imeandikwa, na heshima imekaa mahali pake. Hata maneno ya mwisho ya mtaalamu, yale ya kusema waambie nimekutuma, ni adabu inayojulikana kote. Mtu humtuma mtoto wa jirani kwa rafiki yake mwenye duka akamwambia ataje jina lake, ili apokewe vizuri na kupunguziwa bei. Jina la mtu hapo ni zawadi kwa anayetumwa. Lakini ikiwa mwenye duka anaandika katika daftari kila aliyetumwa, na mwisho wa mwezi anahesabu na kumlipa aliyewatuma, adabu imegeuka kuwa ankara. Mzee amelipeleka jina dukani akidhani ni hisani aliyopewa, kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyepelekwa. Naye njiani amemwombea dua mtu ambaye duka limekwisha kumzidishia.

Wengi hukosea hapa kwa kudhani ya kwamba ubaya wa jambo hili ni uwongo. Yamkini hapana uwongo wowote. Dawa ile yaweza kuwa nzuri, na bei yaweza kuwa ile ile ya maduka mengine. Mshauri mwenyewe, akiulizwa usiku wa manane na dhamiri yake, aweza kujibu kwa moyo safi ya kwamba angalimtuma mzee pale pale hata bila ya kamisheni. Ugumu ni kwamba hana tena njia ya kujua. Macho ya mtu hayaoni kope zake. Fedha inapokaa karibu na fikira haiigeuzi kwa kishindo; huielemeza kidogo kidogo, kama kivuli cha mgomba kinavyouelemeza mbuni mchanga upande wa jua. Dawa mbili zikiwa sawa, ile yenye fungu huonekana bora. Dawa yenye fungu ikiwa duni kidogo, uduni wake huonekana mdogo. Mzee akistahili kupulizia mara mbili, mara tatu huonekana kuwa uangalifu.

Lakini hasara iliyo kubwa kuliko zote ni ya neno moja linalopotea katika kinywa cha mshauri. Neno hilo ni "usinunue". Mwuzaji humlipa mshauri kwa kununuliwa. Hapana duniani mwuzaji anayelipa fungu kwa mteja aliyeambiwa arudi nyumbani na fedha yake. Kwa hiyo mshauri wa kamisheni aweza kuchagua kati ya dawa na dawa, kati ya duka na duka, lakini shauri la kuacha kabisa halina mlipaji. Na mara nyingi shauri hilo ndilo lililokuwa na manufaa. Katika Lyamungu, upande wa magharibi wa mlima huo huo, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania ilitoa katika miaka ya 2000 aina mpya za mibuni zenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Mkulima aliyepanda miche hiyo hupunguziwa mzigo wa mrututu na dawa nyingine za ukungu ambazo wazee walizinunua mwaka hadi mwaka. Mshauri huru atamwambia mzee: punguza dawa, ng'oa mibuni hii michache iliyochoka, panda miche mipya, vumilia mpaka izae. Shauri hili lina uchungu wa miaka michache na faraja ya miaka mingi. Mshauri mwenye fungu dukani atalitamka kwa uzito, na kama analitamka atalitamka mwisho.

Mlima huo una ushauri mwingine wenye kugusa uhai kuliko mali. Tangu mwaka 1848, Johannes Rebmann alipofika Kilema kwa Mangi Masaki akiongozwa na Bwana Kheri, wageni wamekuwa wakiweka miguu yao katika akili ya mwongozaji. Leo maelfu kwa maelfu huupanda Kilimanjaro, na wengi wa waongozaji wao ni vijana wa vijiji vya miteremko yake. Mwongozaji akimwambia mgeni katika baridi ya juu, "Umeugua, teremka," mgeni hana kipimo kingine ila uso wa mwongozaji. Kazi hiyo ni amana, na wengi wameitunza kwa uaminifu. Namna amana hiyo inavyoweza kuharibika ilionekana katika mlima mwingine. Huko Nepal, mwaka 2018, uchunguzi wa serikali ulionyesha ya kwamba wasafiri walihimizwa kuita helikopta pasipo haja, na kwamba watu waliowahimiza walikuwa na fungu lao katika malipo ya helikopta na ya hospitali, ambayo yalitozwa makampuni ya bima. Jambo la kutisha katika habari ile si wizi wa fedha za bima. Ni kwamba neno "umeugua" lilipata bei. Likisha kupata bei, hata mwongozaji mkweli asemapo kweli hutiliwa shaka, na siku moja mgonjwa wa kweli atakataa kuteremka.

Yanayotendeka katika kihamba hutendeka katika nchi. Tofauti ni hesabu ya sifuri. Mwaka 1999 Serikali ya Tanzania ilifanya mkataba wa kununua rada kwa kampuni ya Uingereza ya BAE Systems, kwa bei ya pauni milioni 28 hivi. Mwishoni mwa mwaka 2001 serikali ya Uingereza iliruhusu biashara hiyo iendelee, ingawa ndani ya baraza lake lenyewe Waziri Clare Short aliipinga. Benki ya Dunia iliiona bei kuwa kubwa mno kwa nchi maskini, na wataalamu wa usafiri wa anga waliona ya kwamba mtambo ule ulikuwa ghali na usiotosheleza haja ya ndege za abiria. Baadaye ilijulikana ya kwamba zaidi ya dola milioni 12, yaani karibu na theluthi ya bei, zililipwa na kampuni kwa makampuni mawili ya wakala mmoja aliyeitwa mshauri wa masoko. Mwezi wa Desemba 2010, mahakama mjini London ilipokea ungamo la BAE Systems la kosa la kutoweka hesabu sawasawa za malipo hayo, ikaitoza faini ya pauni 500,000. Kampuni ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya watu wa Tanzania, na fedha hiyo ikaelekezwa katika vitabu na madawati ya shule.

Msomaji na atazame vizuri mwendo wa fedha hiyo. Mara nyingi husemwa ya kwamba kamisheni hailipwi na mnunuzi, hulipwa na mwuzaji kutoka katika faida yake, kwa hiyo mnunuzi hapungukiwi na kitu. Lakini mwuzaji anapata wapi? Theluthi ya bei haianguki kutoka mawinguni. Ilikuwa ndani ya bei tangu mwanzo, na kila shilingi yake ilitoka katika kodi ya watu ambao baadhi yao watoto wao walikaa sakafuni darasani. Madawati yalipokuja, yalikuja kama kipawa cha mbali, hali yalikuwa mali ya nyumbani iliyozunguka dunia.

Kisa cha pili kilifuata upesi. Katika miaka ya 2012 na 2013 serikali ilitafuta mkopo wa dola milioni 600 kwa njia ya benki moja ya hapa nchini na ndugu yake Standard Bank ya London. Ada iliyozungumzwa kwanza ilikuwa asilimia 1.4. Ikapandishwa ikawa asilimia 2.4, na asilimia moja iliyozidi, yaani dola milioni 6, ikapewa kampuni ndogo ya hapa nchini iliyotajwa kuwa mshirika na mshauri. Mmoja wa wenye hisa zake alikuwa ofisa mkubwa wa serikali iliyokuwa ikikopa. Ushahidi wa kazi iliyofanywa na kampuni hiyo haukuonekana. Fedha ilipoanza kutolewa benki kwa haraka na kwa mafungu makubwa, wafanyakazi wa benki waliingiwa na shaka wakatoa habari. Mwezi wa Novemba 2015 shauri hilo lilimalizwa London kwa mapatano yaliyosimamiwa na mahakama, ya kwanza ya namna yake katika Uingereza, na Tanzania ikarudishiwa dola milioni 6 pamoja na riba. Hapa mtu mmoja alisimama pande mbili za meza, na meza yenyewe ililipiwa na wasioalikwa.

Watetezi wa kamisheni ya siri hawakosi hoja, na si haki kuwapita bila ya kuwasikiliza. Wasema mshahara ni mdogo. Mtaalamu anayepanda na kushuka miteremko kwa miguu, katika matope ya masika, hana budi kula. Hoja hii ni ya kweli katika sehemu yake ya kwanza. Mtaalamu anastahili ujira bora, na jamii inayotaka shauri la bure hupata shauri lililolipiwa na mwingine. Lakini njaa ya mshauri ni sababu ya kumlipa waziwazi. Haiwi ruhusa ya yeye kujilipa katika mfuko wa mzee asiyejua. Wasema tena ya kwamba ndiyo desturi, kila mtu hufanya. Penye udhia, penyeza rupia, ni methali ya zamani. Lakini methali husimulia yaliyopo kama inavyofundisha yapasayo, na mwenye akili huzitenga kazi hizo mbili. Wasema mwisho ya kwamba yatosha kutangaza. Mshauri na amwambie mteja, "Nina fungu katika duka hili," kisha kila mmoja aamue.

Hoja hii ya mwisho ndiyo yenye nguvu, na nusu yake ni dawa. Kutangaza humrudishia mnunuzi ngao yake. Lakini mzee wa Kilema, akisha kuambiwa, atafanya nini? Mtaalamu mwingine yuko mbali, kahawa inaanguka leo, naye anaona haya kumkatalia kijana aliyemwambia kweli. Aghalabu atamwamini zaidi kwa ukweli wake, na fungu litaendelea. Tangazo linamfaa mtu mwenye mahali pengine pa kwenda. Kwa yule asiye nako, fungu lenyewe halina budi kuondolewa, au kukabidhiwa kwa mwenyewe kwa kupunguziwa bei. Uingereza ilifika huko kwa washauri wa uwekaji wa fedha. Tangu mwisho wa mwaka 2012 washauri wa watu wa kawaida wamekatazwa kupokea kamisheni ya makampuni ambayo bidhaa zake wanazisifu. Wanalipwa na wateja wao kwa ada inayotajwa mwanzo. Uholanzi ilifanya hivyo mwaka 2013. Tanzania nayo haikosi sheria. Kanuni ya kale ya uwakala, iliyo katika Sheria ya Mikataba, haimruhusu wakala kujipatia faida ya siri katika shughuli za aliyemtuma, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haikuishia katika milango ya ofisi za serikali. Pengo haliko sana katika vitabu. Liko katika ulizo ambalo halijazoeleka kuulizwa.

Kilimanjaro ilipata kulitafutia ulizo hilo jibu lake yenyewe. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, Joseph Merinyo akiwa kiongozi, ili kuilinda mibuni yao na maradhi na kuiuza kahawa yao kwa pamoja. Na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika. Maana ya tendo hilo ilikuwa kubwa kuliko kahawa. Watu walisema: anayetujulia bei na dawa na awe mtumishi wetu, alipwe nasi, ajibu kwetu. Haikuwa pepo. Ulizuka ugomvi juu ya uongozi na fedha, na mwaka 1937 palitokea ghasia za wakulima waliolazimishwa kuuza kwa njia moja tu. Na chama kinachowashauri wanachama juu ya dawa, kisha kikawauzia dawa hizo, hakikosi kishawishi kile kile cha mwenye duka. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980, na tangu soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1990 mkulima amezungukwa na wanunuzi na wauzaji wengi na kubaki na washauri wachache. Hata hivyo, mafunzo ya mwaka 1925 hayajazeeka. Shauri huwa la anayelilipia. Wakulima mia wakichanga kidogo kidogo kumlipa mtaalamu mmoja, wamenunua jambo ambalo mmoja peke yake hawezi kulinunua: mtu anayeweza kuwaambia wasinunue.

Msomaji wa kurasa hizi, akiwa mwanachuo, asidhani ya kwamba habari hii ni ya mabwana shamba na mawakala wa silaha peke yao. Elimu anayoitafuta ni mlango wa ushauri. Kesho ataulizwa ni mtambo gani ununuliwe na halmashauri, ni programu gani itumike katika hospitali, ni kitabu gani kisomwe na shule elfu. Atakutana na mtu mpole atakayemwambia ya kwamba pana "kitu kidogo cha shukrani" kwa kila mteja atakayemleta. Mkono ule hautadai uwongo. Utadai tu ya kwamba asiwe mwepesi wa kutafuta kwingine. Mwalimu anayewachagulia wanafunzi kitabu huku akipokea fungu la mwenye kukiuza, na mtafiti anayepima mbegu za kampuni inayomlipia safari, wamo katika mashua moja na yule aliyemtuma mzee dukani, wajapokuwa wamekaa katika viti vya juu.

Mizani yao ni rahisi, na haihitaji shahada. Mshauri na ajiulize kama angaliweza kuisema habari ya fungu lake mbele ya mzee, kwa lugha ya mzee, kabla mzee hajatoa fedha. Akiweza, na aseme, kisha ampunguzie bei kwa kadiri ya fungu. Asipoweza, basi anajua tayari alilo nalo mkononi. Naye mwenye kutaka shauri, kabla ya kushukuru, na aulize kwa adabu maulizo matatu: nani anakulipa, analipa nini nikinunua, na utaniambia nini kama jibu bora ni kukaa na fedha yangu. Hapana utovu wa heshima katika maulizo hayo. Mshauri mwema atafurahi kuulizwa, maana ndiyo nafasi yake ya kujitenga na dalali. Na mzee atapanda njia ya kurudi Kilema akijua ya kwamba dua aliyoitoa imemfikia aliyeistahili.